Kibali Kinamfuata Mtu, Hakiifuati Filamu

"Vibali tunavyo." Maneno hayo nimeyasikia kwa watayarishaji wengi wanaojiandaa kupeleka kikosi kurekodi nchi nyingine. Nikiomba kuviona, ninaletewa barua ya mamlaka ya filamu ya huko waendako: muhuri upo, jina la filamu lipo, orodha ya lokesheni ipo, ada imelipwa. Barua ni halali kabisa. Lakini ukiisoma mpaka mwisho hutakuta humo jina la mpiga picha, wala la mtu wa sauti, wala la mwanadada wa vipodozi. Barua imeiruhusu filamu irekodiwe. Watu wenyewe bado hawajaruhusiwa kufanya kazi.

Mimi niko upande wa makaratasi: mikataba, safari, bima, forodha, na zaidi ya yote vibali vya kazi. Ni upande ambao mambo yakienda sawa hakuna anayeukumbuka, na ndiyo maana watu huufikia mwishoni, tiketi zikiwa zimeshakatwa na hoteli imeshalipiwa. Ninaandika haya kwa sababu nimechoshwa na kuona nani hasa anaumia mambo yakiachwa mpaka dakika hiyo. Mara chache sana huwa ni mtayarishaji.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Kibali cha kurekodi hutoka kwa bodi ya filamu, wizara ya habari au utamaduni, manispaa, mamlaka ya hifadhi au mwenye jengo. Kibali cha kazi hutoka uhamiaji au wizara ya kazi. Ofisi hizo mbili mara nyingi hazikai jengo moja na mafaili yao hayakutani. Morocco, ambayo imezoea kupokea filamu za nje, kibali cha kurekodi hutolewa na Centre Cinématographique Marocain, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1944, na kikosi cha kigeni hulazimika kupitia kampuni ya utayarishaji ya huko iliyoidhinishwa. Jordan ina Royal Film Commission tangu 2003. India ilifungua ofisi ya kuwasaidia watengenezaji filamu wa nje mwaka 2015, kisha ikaweka viza ya filamu inayojitegemea, ili anayekwenda kurekodi asijifanye mtalii wala mfanyabiashara. Napenda sana hatua hiyo ya India, kwa kuwa inakiri wazi kwamba kurekodi filamu ni kazi yenye jina lake. Lakini hata pale ambapo ofisi ya filamu ina bidii na ukarimu, mlango wa uhamiaji una bawabu mwingine, naye anamwangalia mtu mmoja mmoja.

Hoja ninayokutana nayo kila mara ni hii: "Sisi tunalipwa kwetu, kwa hiyo huko hatufanyi kazi." Ingekuwa rahisi hivyo, nisingekuwa na la kuandika. Nchi zimeamua mambo kwa njia tofauti kabisa, na akili ya kawaida haikufikishi mbali. Uingereza inamruhusu mgeni wa kawaida, awe mwigizaji, mwongozaji au fundi wa kikosi, kuingia kwa ajili ya kurekodi kwenye lokesheni, mradi analipwa na kampuni ya nje na filamu yenyewe inatayarishwa na kugharimiwa nje. Sheria yao imeandika hivyo bila kumung'unya maneno. Sasa chukua kikosi hichohicho, mikataba ileile, malipo yaleyale, kipeleke Marekani kurekodi filamu ya hadithi. Malipo ya nyumbani hayatakisaidia kitu. Viza ya I, iliyotengwa kwa vyombo vya habari vya nje, inahudumia habari na filamu za hali halisi. Burudani na matangazo ya biashara hayamo. Msanii au fundi wa filamu ya hadithi anaelekezwa kwenye viza za O, zilizotokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. O-1 inataka ushahidi wa mafanikio yasiyo ya kawaida katika fani yake. O-2 ni ya wale wanaomsaidia mtu huyo kwa ujuzi usiopatikana kirahisi, nao wamefungwa kwake: hawawezi kwenda kufanya kazi kwa mwingine.

Afrika Kusini ina njia yake pia. Kifungu cha 11(2) cha sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002 kinaruhusu mtu mwenye viza ya mgeni apewe idhini ya kufanya kazi ya muda mfupi. Australia ina viza ya 408, yenye kipengele cha burudani kinachowagusa waigizaji na pia walio nyuma ya kamera. Na katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, watu hujidanganya kwa namna ya peke yake: wanadhani siku 90 ndani ya siku 180 ni siku 90 za kufanya lolote. Hesabu hiyo ni ya kukaa. Kufanya kazi kunaamuliwa na kila nchi ndani ya eneo hilo, kwa hiyo filamu inayovuka mipaka mitatu bila kuonyesha pasipoti inaweza kuwa imevuka sheria tatu za kazi. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kielektroniki umeanza kuchukua nafasi ya mihuri kwa wageni wa muda mfupi, na siku za mtu zinahesabiwa na mashine. Ule mjadala wa kaunta kuhusu muhuri uliofifia unakwenda zake.

Ndipo ninafika kwenye jambo linaloniuma.

Kikosi cha filamu siku hizi kinabeba pasipoti za aina nyingi. Mwongozaji ni wa nchi hii, mpiga picha wa nchi ile, mhariri amezaliwa kwingine, msaidizi wa kamera kwingine kabisa. Kwenye kazi hawatofautiani. Mbele ya ubalozi wanatofautiana kama usiku na mchana. Mmoja anaingia bila viza, mwingine anajaza fomu ya mtandaoni na kujibiwa upesi, wa tatu anasubiri miadi ya alama za vidole ambayo tarehe yake iko mbali kuliko siku ya mwisho ya kurekodi. Mtayarishaji aliyechelewa anaitazama orodha na kumkata yule wa tatu. Hamkati kwa sababu hajui kazi. Anamkata kwa sababu kalenda ya ubalozi imemshinda.

Nilimshuhudia kijana mmoja, msaidizi wa kwanza wa kamera, yule anayeshika fokasi. Alikuwa na mpiga picha tangu majaribio ya mwanzo ya lenzi. Yeye ndiye aliyepanga masanduku yote. Kila moja alilibandika utepe mweupe na kuandika kwa kalamu nene ya wino mweusi kilichomo: lenzi, vichujio, betri, nyaya za akiba, na chini yake mshale wa kuonyesha upande wa kufungulia. Siku ya safari masanduku yale yalipita kwenye mkanda wa mizigo yakiwa na mwandiko wake. Yeye alikuwa nyumbani, pasipoti ikiwa bado ubalozini. Huko walikokwenda akachukuliwa mtu mwingine, fundi hodari tu, ambaye siku ya kwanza aliitumia kuuliza kitu gani kiko sanduku gani. Filamu ilikamilika. Kwenye majina ya mwishoni kijana wetu hayupo, na kazi aliyoipata baadaye ilikuwa ya ngazi ya chini, kwa sababu katika fani hii mtu anapandishwa na kazi alizomaliza, si alizozianza.

Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Ila kama vibali vingeanza kushughulikiwa siku ile alipoajiriwa, badala ya siku ratiba ilipokamilika, angesafiri. Ninasema kwa uzito wote: anayeacha vibali vya kazi mwishoni ameshachagua nani ataondolewa kwenye filamu yake, na karibu kila mara ni mwenye pasipoti dhaifu na cheo kidogo. Mwigizaji mkuu hakatwi. Atatafutiwa wakili, ratiba itasogezwa, barua zitaandikwa usiku. Ni haki yake, lakini fundi wa taa naye ni mtu.

Hapa ninapingana na wenzangu wengi wanaoona vibali ni usumbufu mtupu uliobuniwa na watu wasiopenda sanaa. Mgala muue na haki yake mpe. Nchi inapouliza kwa nini unaleta fundi wa umeme kutoka nje wakati wako wanaotafuta kazi hiyohiyo mtaa wa pili, inauliza swali la haki. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi vimeingizwa kwenye utaratibu. Marekani, ombi la O-1 la filamu na televisheni linahitaji maoni ya chama cha wafanyakazi cha fani hiyo na pia ya taasisi ya upande wa waajiri. Canada, tangu 2016, imewaondolea wafanyakazi wa lazima wa filamu na televisheni ule mchakato mrefu wa kuthibitisha kwamba hakuna Mkanada wa kuifanya kazi hiyo, lakini barua ya chama husika inayosema hakina pingamizi ikabaki kuwa karatasi yenye nguvu. Nimeona watayarishaji wakienda kwa vyama hivyo wakiwa wamekunja uso, kana kwamba wanaombwa rushwa. Nenda na mpango wa kweli: nafasi hizi tunaleta, hizi tunaajiri hapa, kwa viwango vyenu vya malipo. Mazungumzo hubadilika. Na mafundi wa huko wana kitu ambacho hakiko kwenye masanduku yako: wanajua jua linaangukia wapi saa kumi jioni na ni jenereta ipi isiyopiga kelele.

Kinachonitia shaka ni nchi kupima mizani mbili. Mwaka 2020, baada ya New Zealand kufunga mipaka mwezi Machi, wafanyakazi wa filamu kubwa ya kigeni waliruhusiwa kuingia kwa idhini maalumu huku familia zilizotenganishwa na mpaka zikisubiri nje. Watu wa huko walilalamika, na mimi nawaelewa. Filamu ile ilikuwa na ajira nyingi nyuma yake, hilo ni kweli. Lakini ukishaona mlango unavyoweza kufunguka kwa mwenye uzito, hutaamini tena kwamba foleni ya ubalozi haiwezi kwenda haraka.

Kuna wanaoamini kwamba mkataba wa utayarishaji wa pamoja kati ya nchi na nchi unamaliza habari yote. Mkataba wa Ulaya wa utayarishaji wa pamoja wa filamu, wa mwaka 1992 na uliofanyiwa marekebisho 2017, unazitaka nchi wanachama zirahisishe kuingia, kukaa na kupata vibali vya kazi kwa wasanii na mafundi wa filamu husika. Ni kifungu kizuri. Msomaji makini ataona kwamba kimewekewa sharti: kwa kufuata sheria za ndani za kila nchi. Yaani utasaidiwa kupita mlangoni, lakini mlango upo palepale. Chukua barua ya mamlaka ya filamu inayothibitisha utayarishaji wa pamoja, iambatanishe kwenye ombi la kila mtu, na uendelee kuomba kama wengine.

Sasa twende uwanja wa ndege, mahali ambapo mengi huharibika kwa dakika chache. Mfano ninaoutumia kila ninapokutana na kikosi kipya ni wa Uingereza. Mtu asiyehitaji viza kuingia kule, aliyepewa cheti cha udhamini cha msanii kwa kazi isiyozidi miezi mitatu, anaweza kuingia na cheti hicho bila kuomba viza ya kazi. Sharti ni amwone ofisa. Akipita kwenye mageti ya kielektroniki, yale unayoweka pasipoti na kutazama kamera, ataingia kama mgeni wa kawaida na ruhusa ya kufanya kazi ile hana. Hakuna king'ora kitakacholia. Geti litafunguka, atatabasamu, atachukua mizigo yake. Kwa hiyo kabla ya ndege kushuka ninawaandikia wote: msifuate mshale wa mageti, fuateni foleni ya kaunta hata kama ni ndefu, na kila mmoja awe na nakala ya cheti chake mkononi. Mkononi, si kwenye simu iliyoisha chaji.

Na mtu akifika kaunta ajue anachokuja kufanya. Nimesimama nyuma ya binti mmoja wa kikosi alipoulizwa, "Unakuja kufanya nini?" Akajibu, "Kusaidia tu." Alikuwa mkuu wa mavazi, mwenye watu chini yake. Barua iliyokuwa mbele ya ofisa ilisema hivyo. Ofisa aliisoma barua, akamtazama, akaisoma tena, kisha akamweka pembeni kwenye kiti cha plastiki mpaka mtayarishaji alipopigiwa simu. Unyenyekevu ule tuliofundishwa nyumbani, wa kutojikweza, unakuletea shida kwenye kaunta ya uhamiaji. Sema cheo chako kama kilivyoandikwa.

Vifaa nitavipitia haraka, kwa kuwa utaratibu wake angalau unaeleweka. Karneti ya ATA, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961, ni hati inayoruhusu vifaa vya kazi kuingia kwa muda bila kulipiwa ushuru, katika nchi na maeneo takriban 80, kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Inatolewa kupitia chemba za biashara, na dhamana nyuma yake. Ikishasainiwa huongezi kitu kwenye orodha. Vitu vinavyotumika na kuisha havimo. Zaidi ya hapo, andika namba ya kila kifaa kwa kuisoma kwenye kifaa chenyewe, usinakili risiti. Ofisa wa forodha anayewasha tochi na kuigeuza lenzi kutafuta namba anataka aione kama ilivyo kwenye karatasi, na tarakimu moja ikipotea atataka sanduku zima lifunguliwe. Muhimu kuliko yote: karneti haimruhusu mtu yeyote kufanya kazi. Nimeona kamera ikiingia kihalali na mpiga picha wake akirudishwa.

Filamu za hali halisi zinastahili neno refu zaidi. Huku ndiko kishawishi kilipo. Kikosi ni watu wawili au watatu, kamera inaingia kwenye begi la mgongoni, na mtu mwenye uzoefu anawaambia: ingieni kama watalii, hakuna atakayejua. Marekani ina utaratibu wa kuingia bila viza kwa raia wa nchi kadhaa, lakini haumhusu anayekuja kufanya kazi ya habari. Mei 2004 mwandishi mmoja kutoka Uingereza aliyekuja kuandika makala alizuiwa uwanja wa ndege wa Los Angeles, akafungwa usiku kucha na kurudishwa, kwa sababu tu hakuwa na viza ya I. Kalamu na daftari. Sembuse kamera na mikrofoni.

Ninajua zipo serikali zinazotumia vibali kuficha yasiyopendeza, na zipo habari ambazo zisingeonekana kama kila mwandishi angeomba ruhusa ya kuzitafuta. Uamuzi wa namna hiyo unafanywa na watu waliokaa chini na mwanasheria na mhariri, wakapima hatari, wakakubaliana nani anaibeba. Siuhukumu. Ninachokilaani ni kuingia kwa viza ya utalii ili kuokoa pesa au muda, halafu kuuita ushujaa. Kwa sababu ukikamatwa wewe utapandishwa ndege. Fiksa wako, yule mwenyeji anayewapangia mambo huko, anabaki. Yeye ndiye aliyekodi gari kwa jina lake, aliyezungumza na wazee wa mtaa, aliyemwomba mama yule akubali kuhojiwa nyumbani kwake. Polisi wakija kuuliza, wanabisha mlango wa fiksa na mlango wa mama. Mtengenezaji filamu asiyeweza kuwaeleza watu hao wawili, kabla hajawasha kamera, kwamba ameingia kwa hati gani, hana haki ya kuwaomba ushirikiano.

Kuna na kodi, ambayo wengi huikumbuka pesa zikiwa zimeshakatwa. Mikataba mingi ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili hufuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, ambacho kifungu chake cha 17 kinairuhusu nchi unakoigizia ikutoze hata kama umekaa siku chache. Kifungu hicho kinamgusa mwigizaji. Mpiga picha, mwongozaji na mafundi hawamo, wao wanaangaliwa kwa kanuni nyingine zinazotazama kama mtu amekaa zaidi ya siku 183. Canada hukata asilimia 23 kwenye malipo ya mwigizaji wa filamu asiye mkazi. Mwigizaji aambiwe hivyo wakati wa kujadili malipo.

Kwa wanaonitumia ujumbe wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na jedwali la watu. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, pasipoti inaisha lini, ya nchi gani, anaishi wapi kihalali, maana ombi mara nyingi linapelekwa anakoishi na si alikozaliwa, cheo chake, nani anamlipa, aliwahi kunyimwa viza wapi. Swali hilo la mwisho liulizwe faraghani na kwa heshima. Watu huona aibu kulijibu mbele ya wenzao, na jibu likifichwa fomu inakuwa na uongo ambao utamfuata mwenyewe kwa miaka. Jedwali likikamilika, ratiba ya kurekodi ipangwe kwa kumtazama aliye na safari ndefu zaidi ya karatasi. Ikiwa mtu wa sauti atapata kibali wiki mbili baada ya wengine, basi picha zisizo na mazungumzo zirekodiwe kwanza. Hilo linawezekana. Nimeona waongozaji wakilifanya bila kunung'unika, kwa sababu waliambiwa mapema.

Na kwenu mnaoajiriwa, hasa vijana wa usaidizi: ulizeni nani analipa ada ya viza, nauli ya kwenda ubalozini na vipimo vya afya vikihitajika. Ulizeni kama mtalipwa iwapo kibali kitachelewa na mmeshakataa kazi nyingine. Mtayarishaji mwema ana majibu hayo kichwani. Kama mkataba umenyamaza, peleka swali kwa maandishi kabla hujakabidhi pasipoti, na usiikabidhi mpaka jibu nalo limekuja kwa maandishi.